Kagueni Kibali, Msiukague Mwili Wangu

Nataka maegesho yaliyotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu yalindwe, tena yalindwe kwa ukali, na nalisema hili mwanzoni ili nisieleweke vibaya. Katikati ya jiji la Dar es Salaam, kuanzia Posta hadi Kisutu na kuelekea Upanga, ikifika saa nne asubuhi nafasi ya kuegesha gari ni ya kugombaniwa, na ile yenye alama ya kiti mwendo ikikosa mlinzi huchukuliwa upesi na dereva anayedai kwamba anaingia na kutoka tu. Mlinzi anaponisogelea na kuniuliza kama ninastahili kuegesha pale, simwoni kuwa adui. Anafanya kazi ambayo isipofanywa, mimi ndiye ninayebaki kuzunguka mitaa huku nyonga ikiniuma. Ninachokipinga ni aina ya maswali ninayoulizwa, mahali ninapoulizwa, na ukweli kwamba wapo watu wasioulizwa kabisa. Hivi karibuni niliulizwa kwa namna iliyonivunjia heshima, na nimelitafakari tukio lile hadi nikaona ni wapi hasa lilipoharibika.

Nilizaliwa na ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi wetu mitaani tunauita sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi na wataalamu wetu ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Watu wengi wanaujua kwa maumivu makali ya viungo, kwa kulazwa wodini na kwa kuongezewa damu, lakini ni wachache wanaojua unavyoweza kuuharibu mfupa. Chembe nyekundu za damu zikipoteza umbo lake la duara hukwama katika mishipa midogo, na mojawapo ya sehemu zinazotegemea mishipa midogo sana ni kichwa cha mfupa wa paja, yaani ile sehemu ya mviringo inayokaa ndani ya nyonga. Damu isipofika pale, mfupa hufa polepole, hubonyea, na kiungo kilichokuwa kikizunguka kwa ulaini huanza kusagana. Nyonga yangu ya kushoto imefikia hali hiyo, na ya kulia imeanza kuifuata. Madaktari wamenieleza kwamba mwishowe nitahitaji nyonga bandia, ila kwa umri wangu wangependa kuichelewesha kadiri inavyowezekana, kwa sababu kiungo bandia nacho huchakaa, na upasuaji wa kukibadilisha kwa mara ya pili huwa mgumu kuliko ule wa kwanza.

Nikiwa nimesimama, hakuna kinachoonekana. Mtu akitaka kuelewa kwa nini ninahitaji nafasi ile, anitazame ninaposhuka garini. Hufungua mlango mpaka mwisho wake, nikageuza mwili mzima kwa pamoja huku magoti yakiwa yameshikana, kwa sababu nikitanguliza mguu mmoja nyonga hujipinda na maumivu hupanda hadi kiunoni. Huweka nyayo zote mbili chini, nikashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na ukingo wa kiti kwa mkono mwingine, nikainuka, kisha nikasimama bila kupiga hatua hadi kiungo kikubali kubeba uzito. Hayo yote hayawezekani mahali ambapo gari la jirani limeegeshwa kiasi cha kuacha upenyo wa kiganja. Ndiyo maana nafasi hizi hujengwa pana: mwongozo wa ujenzi wa Uingereza, kwa mfano, huongeza ukanda wa mita 1.2 pembeni mwa nafasi ya kawaida yenye upana wa mita 2.4. Wengi hudhani kwamba tunachopewa ni upendeleo wa kuwa karibu na lango. Ukaribu unanisaidia sana, lakini upana ndio unaoniwezesha kutoka ndani ya gari.

Nikishasimama, hatua za mwanzo huwa nzuri. Maumivu huja nikishatembea kwa muda, hukaa nami hadi usiku, na hali hutofautiana: zipo siku ninazohitaji fimbo na zipo siku ambazo hata rafiki yangu wa karibu hawezi kugundua kitu.

Tukio lenyewe lilitokea katika jengo moja lenye ofisi zinazohudumia umma, ambalo sitalitaja. Uongozi wa jengo hilo umetenga nafasi chache karibu na lango, na hutoa kibali chake wenyewe kwa wateja wenye ulemavu wanaofika mara kwa mara. Ni kadi iliyofunikwa kwa plastiki, yenye jina la mhusika, namba ya kibali, tarehe ya mwisho wa matumizi na mhuri. Ili kuipata nilipeleka barua ya daktari pamoja na nakala ya kitambulisho cha taifa. Karani alivipokea, akavihifadhi kwenye jalada, na baadaye nikaitwa kuchukua kadi yangu. Kwa hiyo swali la kama ninastahili lilikwisha kuulizwa na kujibiwa ndani ya ofisi, na watu wenye mamlaka ya kulijibu.

Siku hiyo mdogo wangu wa kiume ndiye aliyekuwa akiendesha. Aliegesha, akaweka kibali mbele kwenye dashibodi, nami nikashuka na kuingia ndani kufuatilia nyaraka zangu, huku yeye akinisubiri garini. Nilipotoka nilimkuta amesimama nje, kadi ya gari mkononi, akiwa amezungukwa na mlinzi wa lango, askari mgambo mmoja, na ofisa wa usimamizi wa jengo aliyevaa kitambulisho shingoni. Walikwisha kumwambia kwamba kijana mwenye nguvu zake anapaswa kuona haya kutumia kibali cha mgonjwa. Nilimwamkia mlinzi, ambaye ni wa umri wa baba yangu, naye akaniitikia kwa upole. Aliyeanza kuniuliza ni yule ofisa.

“Dada, hiki kibali ni cha nani?”

“Ni changu, kaka. Jina ni hilo hapo, na kitambulisho changu cha taifa ni hiki.”

Alikipokea kitambulisho, akalinganisha majina, akaangalia tarehe ya mwisho ya kibali, na nikaona usoni kwake kwamba ameridhika. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa, na laiti angeishia hapo nisingekuwa na neno la kuandika. Lakini aliinua macho kutoka kwenye kadi, akayashusha miguuni kwangu.

“Mbona unatembea vizuri tu?”

Nilimjibu kwamba tatizo langu ni la nyonga, na kwamba taarifa zote zimo katika jalada langu, ofisini kwao, ghorofani. Mgambo akaingilia kati. “Sasa dada, ulemavu wako hasa ni upi? Maana hapa watu wanatudanganya kila siku.” Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka wote walio karibu wasikie kwamba kazi inafanyika. Madereva wa bajaji waliokuwa wakisubiri abiria nje ya uzio walisogea, na watu waliokuwa wakitoka ndani ya jengo wakapunguza mwendo.

Wasomaji wanaoishi na sikoseli, au wanaomlea mtoto mwenye sikoseli, wataelewa kwa nini nilinyamaza. Huu si ugonjwa ambao mtu hutangaza hadharani katika jamii yetu. Bado wapo wanaoamini kwamba mwenye sikoseli hafiki utu uzima, wapo waajiri wanaohesabu siku za ruhusa kabla hata hazijaombwa, na wapo wakwe wanaovunja uchumba wakisikia tu neno hilo. Ninaowaambia ni watu niliowachagua, kwa wakati niliouchagua mimi. Kuombwa nilitaje mbele ya watu nisiowajua, ili niruhusiwe kuliacha gari mahali ambapo kibali chao wenyewe kimekwisha kuniruhusu, ni kunidai kitu ambacho hawana haki ya kukipata.

Nilipokaa kimya, mgambo akasema: “Hebu tembea mpaka pale getini, urudi, tukuone.”

Nilikataa. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba sitatembea ili nitazamwe, na kwamba kama wana shaka na kibali, wamwite karani alete jalada. Mdogo wangu hasira zilikwisha kumpanda, na nilimshika mkono kwa sababu nilijua kwamba neno moja kali kutoka kwake lingewapa sababu ya kuufunga mnyororo kwenye tairi. Tukasimama juani karibu saa nzima kumsubiri karani. Wale waliotusimamisha hawakuwa na njia ya kujua kwamba jua na kiu ni hatari kwangu, kwa kuwa upungufu wa maji mwilini ni mojawapo ya mambo yanayoweza kuchochea maumivu makali kwa mtu mwenye seli mundu. Na hicho ndicho ninachotaka kionekane, kwamba anayemsimamisha mtu mwenye kibali cha ulemavu hajui anamfanya nini, kwa hiyo inampasa kumwacha akae kivulini. Yule mzee mlinzi ndiye aliyelitambua hilo bila kuambiwa. Alikwenda kibandani kwake, akarudi na kiti chake cha plastiki, akanisogezea.

Karani alipofika, ofisa alifungua jalada akaanza kuisoma barua ya daktari pale pale nje, na mgambo akanyoosha shingo akaisoma naye. Jambo nililokuwa nimekataa kulisema likawa limesomwa na mtu asiyehusika nalo kwa namna yoyote. Kisha ofisa akasema, “Haya dada, samahani, ni kazi,” akanirudishia kitambulisho, na shughuli ikaisha.

Nimejiuliza wangejifunza nini kama ningekubali kutembea hadi getini. Wangeona mwanamke anayetembea bila kuchechemea, kwa kuwa nilikuwa nimepumzika kwenye benchi ndani kwa muda mrefu, na wangehitimisha kwamba nimewadanganya. Siku nyingine, baada ya kupanda ngazi, wangeona mtu anayeburuta mguu na wangeniomba radhi. Ulemavu ungekuwa ule ule katika siku zote mbili. Mlinzi, hata awe mwadilifu namna gani, hawezi kuupima kwa kumtazama mtu akitembea hatua ishirini, na hakuna daktari anayeweza kufanya hivyo pia. Daktari wangu alihitaji picha za mionzi.

Sehemu ya tatizo imo katika alama yenyewe iliyochorwa ukutani. Mchoro ule wa mtu kwenye kiti mwendo ulibuniwa mwaka 1968 na Susanne Koefoed, aliyekuwa mwanafunzi wa ubunifu kutoka Denmark, na mchoro wake wa kwanza haukuwa na kichwa. Kichwa kiliongezwa na Karl Montan kabla alama haijapitishwa kimataifa mwaka 1969. Ulihitajika mchoro ambao mtu yeyote, wa lugha yoyote, angeuelewa kwa kuutazama, na kwa hilo umefaulu kuliko alama nyingi. Hata hivyo, mlinzi aliyepewa mchoro huo bila maelezo mengine huanza kutafuta magurudumu, na asipoyaona hushuku. Simlaumu. Wanaopaswa kulaumiwa ni wale waliompeleka langoni bila kumweleza kwamba nafasi ile ni ya mwenye maradhi ya moyo asiyeweza kupanda mteremko, ya mwenye mguu bandia ndani ya suruali, na ya mtu kama mimi.

Sheria yetu iko mbele kuliko mchoro huo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Tafsiri yake haiishii kwenye hitilafu ya mwili. Inatazama pia namna uwezo wa mtu unavyobanwa na vizuizi vya mitazamo, vya mazingira na vya taasisi. Ukilisoma tukio langu kwa tafsiri hiyo, utaona kwamba nilikutana na vizuizi vyote vitatu ndani ya saa moja, na kwamba nafasi ile ya kuegesha ilitengwa kwa nia ya kukiondoa kimoja tu.

Binamu yangu anayeishi Birmingham ana kadi ya maegesho ya watu wenye ulemavu, na nilimwomba anieleze jinsi inavyofanya kazi huko. Uingereza ilianza na kadi ya rangi ya chungwa mwaka 1971, na ile ya buluu inayotumika sasa ikachukua nafasi yake kuanzia mwaka 2000. Kadi hupewa mtu, haipewi gari, kwa hiyo anaweza kuitumia katika gari lolote analosafiria, awe ndiye anayeendesha au amebebwa. Jina na picha yake viko upande wa nyuma, na kadi huwekwa dashibodi huku upande huo ukiwa umelala chini, ili mpita njia aone namba na tarehe tu. Ofisa wa maegesho ana haki ya kuomba kuitazama, na mwenye kadi akikataa bila sababu ya msingi anatenda kosa. Matumizi mabaya yanaweza kuleta faini ya hadi pauni 1,000. Huo ni ukali ninaoukubali. Na kuanzia tarehe 30 Agosti 2019, vigezo vya England vilipanuliwa ili kuwafikia hata watu ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho.

Kilichonivutia zaidi katika maelezo yake ni mgawanyo wa kazi. Anayeamua kama mtu anastahili ni halmashauri, kwa faragha, kabla kadi haijatolewa. Anayesimama barabarani anaangalia kama kadi ni halisi, kama haijaisha muda, na kama mwenyewe yumo katika safari hiyo. Binamu yangu anasema kwamba huko nako watu humkodolea macho na wakati mwingine humsemesha vibaya akishuka garini akiwa wima, kwa hiyo sidai kwamba wamemaliza tatizo. Lakini wanaomsemesha vibaya ni wapita njia, na ofisa akishaona picha na tarehe hana swali jingine la kuuliza.

Kwa kipimo hicho, maswali ya mwanzo waliyomuuliza mdogo wangu yalikuwa halali kabisa. Kumkuta kijana mzima ndani ya gari lililoegeshwa hapo na kumuuliza mwenye kibali yuko wapi ni ukaguzi mzuri, kwa sababu sote tunajua yanayotokea majumbani. Bibi hupewa kibali, na baada ya mwezi kibali kinatembea na mjukuu Kariakoo wakati bibi amelala nyumbani Mbagala. Ndugu hufanya hivyo bila kuona ubaya wowote, na kila anapofanya hivyo yupo mtu anayegeuza gari na kurudi nyumbani bila huduma aliyoifuata. Mdogo wangu alipoulizwa alijibu kwamba dada yake yuko ndani. Ilitosha kunisubiri, kulinganisha jina langu na lile la kwenye kadi, na kutuacha twende.

Kuna jambo jingine, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Muda wote tuliokuwa tumesimama pale, nafasi ya pili iliyotengwa, mkono wetu wa kulia, ilikuwa na gari kubwa jeusi lisilo na kibali chochote mbele. Dereva wake alikuwa amelaza kiti, injini ikinguruma na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Nilipomuuliza mlinzi kuhusu gari hilo alitazama chini, akasema, “Hilo ni la bosi, mwanangu.” Sikumuuliza tena, kwa sababu mshahara wake hauko mikononi mwangu. Aliyepeleka barua ya daktari, akafuata utaratibu na kuweka kibali mahali kinapoonekana ndiye aliyetakiwa kuthibitisha mwili wake, na asiyekuwa na karatasi yoyote akaachwa alale. Ukaguzi wa namna hiyo haumlindi mtu yeyote mwenye ulemavu, kwa maana nafasi iliyovamiwa ilibaki imevamiwa.

Niliandika barua kwa uongozi wa jengo. Sikuomba mtu aadhibiwe. Niliomba orodha ya namba za vibali na tarehe zake za mwisho ikae kwenye kibanda cha mlinzi, bila jina la ugonjwa wa mtu yeyote, ili shaka imalizwe kwa kuangalia karatasi badala ya kumtazama mtu miguu. Niliomba picha ya mwenye kibali iwekwe nyuma ya kadi, na kwamba ikibidi kumhoji mtu zaidi, ahojiwe akiwa ameketi, ndani, na ofisa mmoja, na jalada lake lisitoke nje ya chumba. Niliomba pia kwamba walinzi waelezwe kuhusu ulemavu usioonekana, na nikajitolea kuja kuzungumza nao mwenyewe endapo watapenda. Mwisho niliomba kanuni ile ile itumike kwa kila gari linaloingia getini.

Walinijibu, na ninawashukuru kwa kunijibu. Orodha imekwisha kuwekwa kibandani. Niliiona niliporudi kuchukua nyaraka zangu, na mlinzi, mzee yule yule, alipitisha kidole kwenye namba, akanirudishia kadi na kunitakia siku njema. Picha zitaongezwa vibali vitakapohuishwa. Kuhusu chumba cha mahojiano wamesema wanalifanyia kazi. Ombi la mwisho halikutajwa popote katika barua yao.

Nimeandika barua ya pili, na nakala nimeipeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Hii ina ombi hilo moja tu: kwamba mlinzi apewe ruhusa ya maandishi, yenye saini ya mkuu wa jengo, ya kumwendea dereva wa gari lolote lililoegeshwa bila kibali katika nafasi zile, la bosi likiwemo, na kumtaka aliondoe, na kwamba asije akapoteza kazi kwa kufanya hivyo.